Kurasa Zilizobaki

Siku mtoto alipokunywa mafuta ya taa, mama yake alikuwa amebakiza kurasa chache tu kumaliza kitabu.

Alikuwa mshonaji wa mapazia. Barazani kwake palikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na rafu ya mbao ambayo wateja wageni walidhani ni ya vitambaa mpaka waikaribie. Ilikuwa ya vitabu. Majirani walimwita Msomi, naye aliitika. Alisoma akikoroga uji, alisoma akisubiri pasi ishike moto, alisoma hata gazeti lililofungiwa sabuni, kisha akalalamika kwamba limechanwa palepale penye utamu. Akishona, kitabu alikilaza wazi mezani na kukikandamiza kwa mkasi mkubwa. Mguu ulikanyaga, jicho moja likafuata mshono na jingine sentensi, na hakuna pazia lake lililowahi kwenda upande. Mumewe, fundi wa friji, aliwatania rafiki zake: "Mke wangu ukimkosa sebuleni na jikoni, mtafute ukurasa wa mia na themanini."

Mama mkwe aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Hakujua kusoma, ila alipenda kusimuliwa. "Haya, wale watu wako wamefikia wapi?" alizoea kuuliza jioni akiwa amempakata mjukuu. Mjukuu alipewa jina la marehemu babu yake, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Babu, mshonaji akawa Mama Babu, na bibi akamwita mume wangu. "Mume wangu huyu meno hana ya kutosha," alisema, "lakini angalau najua analala wapi."

Siku hizi bibi alikuwa na usahaulifu. Aliwahi kujaza chumvi kwenye kopo la sukari, na alikuwa na tabia ya kuondoa vyombo mezani akavipeleka mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingevitafuta. Walicheka naye, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwaka ule Msomi alikuwa amejiunga na kundi la wasomaji kwenye simu, watu wasiojuana hata sura. Kiongozi wao, mstaafu wa maktaba waliyemwita Katibu, aliwapa jaribio kila mwezi: mara kitabu kinene kuliko mkono wako, mara kitabu ulichoazima, mara kitabu cha mwandishi usiyewahi kumsikia. Aliyemaliza aliandika mistari mitatu kabla jua la siku ya mwisho halijazama. Aliyechelewa hakufukuzwa, ila jina lake liliondolewa kwenye orodha ya waliofika kwa wakati, waliowaita wakimbiaji. Msomi hakuwa amechelewa hata mara moja. Maisha yake yote aliambiwa aache kusoma afanye kazi, na sasa watu walimpongeza kwa kusoma. Alijisikia kama mtu anayelipwa kwa kula.

Mwezi ule jaribio lilikuwa kitabu ulichokiacha njiani ujanani. Chake alikijua bila kufikiri: habari ya mapacha wawili waliogombania duka la baba yao, kitabu ambacho mwenye nacho alimnyang'anya bwenini zikiwa zimebaki sura mbili. Alikitafuta kwa wauza vitabu vikuukuu mpaka akakipata, jalada limekatika, kinanuka unyevu. Alikianza upya kwa raha, taratibu, kama anayetafuna muwa. Siku ya mwisho ya mwezi ikamkuta bado anatafuna.

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa inakwama. Alifungua vyuma vidogo vya chini ya sindano, akavilowesha kwenye kikombe cha bati chenye mafuta ya taa, akakiweka kwenye ngazi ya baraza karibu na mguu wake ili kutu ilainike. Bibi alikuwa amelala chumbani. Mtoto alichezea mabaki ya vitambaa. Vyuma vilihitaji muda, na kazi nyingine hakuwa nayo, basi akafungua kitabu.

Pacha mdogo alikuwa ndio kwanza amerudi, amesimama mlango wa duka, na ndugu yake yuko ndani anahesabu misumari, hajainua macho. Msomi alisikia kikombe kikianguka. Alikisikia vizuri. Akajiambia, nimalize aya hii.

Kisha mtoto akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa na harufu.

*

Hospitali nesi aliandika huku anauliza. Mtoto alikuwa ameshaingizwa ndani, amewekewa hewa. Kupitia mlango wa kioo ilionekana miguu yake miwili tu, na viatu vimevuliwa.

"Mmemtapisha?"

"Hapana. Jirani alitaka kumpa maziwa, nikakataa."

"Vizuri. Mafuta ya taa yakitapishwa yanaingia mapafuni. Nani alikuwa naye mtoto?"

Swali lilikuwa la kawaida tu, na nesi hakuinua hata uso. Lakini Msomi aliona jibu la kweli jinsi litakavyokaa pale kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri wa nesi: mama alikuwa anasoma.

"Bibi yake," alisema. Na kwa kuwa uongo haupendi kukaa peke yake, akaongeza, "Mimi nilikuwa naanika nguo."

Mumewe alifika mbio na mkoba wake wa spana, mikono bado myeusi. Akaelezwa. Alisimama akitazama ile miguu ya mtoto, kisha akasema polepole, kama anayetafuta ubovu kwenye mashine, "Kikombe si ulikiweka mezani?"

Msomi alivuta kanga yake begani.

"Maana wewe huwezi kuweka mafuta chini. Ni mama huyo. Amekiondoa mezani kama kawaida yake, akakiweka anapopajua yeye. Au siyo?"

"Labda," alisema Msomi.

Neno lenyewe dogo. Hata sauti hakulipa. Lakini mumewe alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa kubeba, na bibi alipotokea kwenye korido na chupa ya uji, kanga imepinda, anahema kwa ule mwendo, alimfuata nao palepale mbele ya kina mama waliokaa kwenye mabenchi.

"Mama, kikombe cha mafuta ulikiweka wapi?"

"Kikombe gani, mwanangu?"

"Cha mafuta ya taa. Ulikitoa mezani ukakiweka chini. Hukumbuki?"

Bibi alimtazama mwanawe, kisha mkwewe, kisha akatazama mikono yake. "Mimi nilikuwa nimelala," alisema. "Nadhani nilikuwa nimelala."

"Unadhani."

"Mume wangu yuko wapi? Nimemletea uji."

"Hali uji, mama, anapumulia mashine. Kwa sababu yako anapumulia mashine."

Mwanamke mmoja benchini akajifanya anamfunga mwanawe kiatu. Bibi alibaki na chupa ya uji mkononi, hajui aiweke wapi, na hakuna aliyempokea. Msomi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Angeweza kusema pale. Aliuona upenyo, ukubwa wake kama mlango, akautazama mpaka ukajifunga.

*

Mchana daktari alipiga picha ya kifua, akasema upande mmoja una doa kidogo la mafuta ila wasubiri, watoto wana nguvu. Mume alirudi kumalizia kazi ya mtu. Msomi alikaa kando ya kitanda. Ndani ya mfuko aliokuwa ameuvuta nyumbani bila kutazama mlikuwa na nepi, kanga, na kitabu. Hakukumbuka kukitia. Mkono ulikuwa na mazoea yake.

Jioni simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Katibu kwenye kundi: "Wakimbiaji wote wamefika isipokuwa Msomi wetu. Msomi, jua linazama."

Mtoto alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka vizuri. Nesi alikuwa kwenye kitanda cha pili. Msomi alisema anakwenda msalani. Alijifungia, akaegemea ukuta wenye unyevu, akafungua pale alipokuwa ameachia.

Pacha mkubwa aliendelea kuhesabu misumari. Mdogo akachuchumaa, akaanza kuhesabu naye, bila salamu, kutoka namba ileile. Basi. Ndivyo kilivyoisha. Hawakuombana radhi wala hawakutajiana duka. Msomi alilia mle msalani mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi hata moja kwa ajili ya mwanawe, na sasa yanamtoka kwa ajili ya watu wa karatasi, tena yanamtoka kwa utamu. Hilo ndilo lililomtisha. Kilikuwa kitabu kizuri, na yeye alikuwa amekifurahia.

Aliandika mistari yake mitatu. Alipotoka msalani simu ilikuwa imejaa picha za mikono inayopiga makofi. "Sijawahi kuona mwisho ukielezwa vizuri hivi," aliandika Katibu. "Huyu mwenzetu anasoma kwa moyo."

Aliizima simu, akarudi kukaa pale pale. Nesi akampita, akatabasamu. "Mama, umelia sana. Usijali, atapona."

*

Na kweli alipona. Baada ya siku chache walirudi nyumbani na mtoto anayekohoa kidogo na kudai vitu kwa kelele, kama kawaida yake. Lakini nyumba haikuwa ileile. Bibi alikuwa haingii jikoni. Akitaka maji, aliomba. Jioni hakuuliza tena wale watu wamefikia wapi. Mwanawe alimsemesha kwa ule upole wa kusemeshea wagonjwa, na mwisho wa juma akamwita kaka yake mkubwa.

Kaka mtu alikuwa na duka la mbao na sauti iliyozoea kupigia watu kelele juu ya msumeno. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akasema, "Mama atakaa kwangu. Mke wangu yuko nyumbani kutwa, atamwangalia. Hapa mnafanya kazi wote, na yeye sasa si wa kuachiwa mtoto. Si lawama. Ni uzee tu." Kisha akamgeukia Msomi. "Shemeji, pole sana. Umepata mtihani."

"Ahsante, shemeji," alisema Msomi.

Bibi alimwita Msomi chumbani. Nguo zake zilikuwa zimekwishafungwa kwenye shuka, furushi lenyewe dogo. Alipiga kitanda kwa kiganja. "Kaa, mwanangu. Nataka nikuombe radhi kabla sijaondoka."

"Mama, hakuna haja."

"Ipo. Nimejaribu kukumbuka, mchana na usiku najaribu. Kikombe nakiona. Mkono wangu nauona. Ila pale ninapokiweka chini, ndipo sipaoni. Sasa najiuliza, kama hilo limenitoka, ni mangapi mengine yamenitoka? Labda nimewahi kufanya makubwa zaidi, mkanifichia." Alifuta pua kwa upindo wa kanga. "Lakini nyinyi mmesema, na nyinyi si waongo. Mwanangu hawezi kunizulia, na wewe huna sababu. Nilikuwa karibu kukuulia mtoto. Nisamehe."

"Yameisha, mama," alisema Msomi. Hata yeye alishangaa jinsi neno lilivyotoka kwa ulaini.

Mtoto akaingia, kamasi na furaha, akanyoosha mikono kwa bibi yake apakatwe. Bibi akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo, haraka, kama aliyeshika kitu cha moto. "Nenda kwa mama yako," alimwambia. "Mikono ya bibi haiaminiki." Mtoto akadhani ni mchezo, akazunguka kuitafuta huko nyuma. Bibi akageuka naye, akageuka tena, akimkwepa pale kitandani, machozi yanamshuka.

Msomi alitoka. Miguu ilimpeleka sebuleni, akasimama mbele ya ndugu wale wawili kama mtumishi aliyevunja sahani.

"Mama hakukigusa kikombe," alisema.

"Nini?" Mumewe hakuelewa.

"Nilikiweka mimi kwenye ngazi. Na mtoto nilikuwa naye mimi. Mama alikuwa amelala."

"Si ulikuwa unaanika nguo?"

"Sikuwa naanika. Nilikuwa nasoma."

Kaka mtu akaweka kikombe cha chai chini. "Unasoma nini? Barua?"

"Kitabu."

"Kitabu cha nini? Cha dini? Cha kazi?"

"Hadithi tu," alisema Msomi, na hata katika aibu ile akapata aibu nyingine ndogo, kwa kusema tu.

Kaka mtu alicheka kwa pua, mara moja, cheko lisilo na furaha. "Hadithi. Haya." Akatazama dirishani. Hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana.

Mumewe alikuwa amekaa, viganja juu ya magoti. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilimuuliza mama mbele za watu. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Nikamwambia kwa sababu yake mtoto anapumulia mashine. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nikakuuliza, ukasema labda."

"Nikasema labda."

Alitikisa kichwa kidogo kidogo, kama anayekubaliana na jambo gumu. Halafu akauliza, "Ulikimaliza?"

"Nini?"

"Hicho kitabu."

Angeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa umeshamzoea, ulikuja wenyewe mpaka mdomoni. "Nilikimaliza," alisema.

"Lini?"

"Hospitali. Siku ileile."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, na hawakujua alisimama hapo tangu lini.

"Kwa hiyo sikukigusa?" aliuliza.

"Hukukigusa, mama."

"Nilikuwa nimelala?"

"Ulikuwa umelala."

"Sema tena."

"Ulikuwa umelala, mama. Hukufanya kitu."

Bibi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo, akawa anapumua tu. Kisha taratibu ukabadilika. "Nimekuomba radhi sasa hivi humo ndani," alisema. "Nimekulilia. Ukaniambia yameisha."

Msomi aliinamisha kichwa.

"Mtu akiniibia pesa, pesa zitapatikana. Wewe umenichukulia akili yangu, nikakupa kwa mikono miwili. Nimelala siku zote hizi nikiogopa vidole vyangu." Alinyanyuka. "Nileteeni furushi langu."

"Mama, sasa si huna haja ya kwenda," alisema mume. "Mama, mimi pia nimekukosea. Kaa tuzungumze."

"Tutazungumza, wewe ni mwanangu. Lakini naondoka. Mwanzo nilikuwa napelekwa. Sasa naenda mwenyewe."

Na akaenda. Alimbusu mtoto utosini, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaushika sana. Msomi alibeba furushi mpaka barabarani. Bibi alilipokea bila kumtazama.

*

Mume hakumpiga wala hakumfukuza. Aliendelea kumsemesha mambo ya nyumba, gesi imeisha, mwenye nyumba amepita. Utani ulikatika. Rafiki yake mmoja alipouliza barazani, "Leo yuko ukurasa wa ngapi?" alijibu, "Yuko ndani," akabadilisha mazungumzo. Msomi alikuwa nyuma ya pazia la mteja, anasikia.

Kwa Katibu aliandika aondolewe kwa wakimbiaji. Katibu akashangaa. "Nani aondoke, wewe? Mistari yako ndiyo iliyowafanya wengine watafute kitabu hicho. Kuna tatizo?" Msomi aliandika maelezo marefu, akayafuta, akaandika mafupi, akayafuta pia. Mwisho alijibu kwamba hana nafasi. Hata hapo hakuweza kusema.

Angependa isemwe kwamba aliacha kusoma. Hakuacha. Kwa muda maandishi yalimkataa, akitazama ukurasa anaona sisimizi tu. Halafu mchana mmoja, mtoto amelala mgongoni kwake ndani ya kanga, alijikuta anasoma maelezo ya kiwandani kwenye boksi la nyuzi. Aliyasoma yote, akayarudia. Kesho yake alinyoosha mkono kwenye rafu. Utamu ulikuwepo palepale alipouacha, haujapungua, na kila alipouonja alisimama kidogo kusikiliza nyumba.

Kila Ijumaa alifunga kazi mapema, akampeleka mtoto kwa shemeji. Mara ya kwanza bibi alimpokea mtoto mlangoni na Msomi akabaki kwenye kiti cha uani mpaka jioni, mke wa shemeji akipita na ndoo akimkwepa kwa macho. Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo. Mara ya tatu mvua ilinyesha, na shemeji mwenyewe akasema, "Ingia ndani basi, watu watasema tunakuadhibu." Akaingia, akakaa karibu na mlango.

Ijumaa iliyofuata alikuta bibi peke yake uani, ametandika mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Mtoto alimkimbilia. Msomi alisimama pembeni na salamu yake, bibi akaitikia. Mchele ulirushwa, ukadakwa.

"Sijakusamehe," bibi alisema hatimaye, macho kwenye ungo.

"Najua, mama."

"Nisije nikakudanganya kama yameisha, hayajaisha. Nikiyamaliza nitakwambia."

"Sawa, mama."

"Na huyu anakohoa bado. Mvue hilo sweta, limelowa jasho. Humwoni?"

Msomi alipiga magoti, akamvua mtoto sweta, akamfuta mgongo kwa kanga. Hakujua kama aondoke au abaki, akawa anakunja sweta lile, analikunjua, analikunja tena.

Bibi alisogeza miguu yake, mkekani pakapatikana nafasi. "Kaa naye hapo," alisema. "Hapo hapo mbele yangu, niwaone wote wawili."

Msomi akakaa, mikono mitupu, kama mtoto aliyeambiwa atulie. Bibi akaendelea na mchele wake, na kila baada ya punje chache aliinua macho kuwaangalia.